Gunia la Mzani

Siku ile tulikuwepo ukumbini mimi, mdogo wangu wa kiume aliyekuja kupigana, mdogo wetu wa kike ambaye ndiye wa mwisho, kocha wa Kamembe, kijana wa Bukavu aliyepangiwa kupigana na mdogo wangu, na mama wa kijana huyo, aliyevuka mpaka asubuhi akiwa amevaa kitenge kipya. Watu wengine walikuwepo, waamuzi, mabondia, watazamaji, lakini nikiikumbuka siku ile naona hao tu. Mzee wa mzani wa kazini kwangu hakuwepo. Alikuwa kwake Bugarama. Yeye mwenyewe husema alikuwepo, na simbishii.

Sisi tulizaliwa Congo, upande wa Uvira. Baba alitangulia kufa. Mama aliturudisha Rwanda, akapanga nyumba Bugarama, na baada ya muda akamfuata baba. Mimi ndiye mkubwa. Niliacha shule mwaka wa pili wa sekondari, nikaenda kuanika mpunga kwenye mashine ya kukoboa, na mpaka leo niko hapo. Wadogo zangu waliniita yaya. Kwa Kiswahili chetu cha Kivu, yaya ni dada au kaka mkubwa. Upande huu, mtu akisema yaya anamaanisha msichana wa kazi anayelea watoto wa wengine. Mgeni akija nyumbani na kusikia wananiita hivyo alidhani nimeajiriwa, na mdogo wangu wa kiume hakumkatalia. "Ni kweli," alisema, "lakini hatujamulipa tangu aanze."

Mpunga ukitoka shambani una maji. Tunautandaza juani, kwenye saruji na kwenye maturubai, na kazi yangu ni kuugeuza kwa reki ya mbao kutwa nzima. Ukitaka kujua kama umefika, unauma punje: ikinama chini ya jino, bado, ikilia, tayari. Mpunga uliokaushwa kwa pupa, juani moja kwa moja bila kupumzishwa kivulini, unapasuka ndani ya ganda. Ukiutazama kwa nje huoni kitu. Ukiingia mashineni unatoka chenga. Chenga ndizo tunazopeleka nyumbani sisi wa uwanjani, na wadogo zangu wamekua kwazo.

Mdogo wangu alibeba mizigo kwa baiskeli kwenye barabara ya kwenda mpaka wa Ruhwa. Mizigo ilimpa mabega, na mabega yakampeleka kwenye ngumi. Alikuwa akipanda Kamembe kwa mazoezi, anarudi na midomo imevimba, anacheka. Sikuzipenda ngumi, lakini nilipenda alivyorudi. Tangu mama afe alikuwa mtoto wa kunyamaza. Ngumi zilimrudishia maneno.

Kisha kocha akaleta habari. Kampuni moja ya ulinzi ya Kigali ilikuwa na timu yake ya ngumi. Anayechukuliwa kwenye timu anapewa kazi kabisa, na mshahara, na bima ya matibabu. Walikuwa wanatafuta mtu mmoja tu, wa kilo hamsini na saba, na wangemchagua kwenye mashindano ya Kamembe, yale yanayokutanisha klabu za huku na za Bukavu. Mdogo wangu alikuwa na kilo sitini na tatu, na hakuwa na mafuta popote. Lakini nafasi ya sitini na tatu ilikuwa na mwenyewe.

Anayejua ngumi kwa kuzitazama tu hajui kwamba pambano la kwanza ni la mzani. Asubuhi ya siku ya kupigana kila bondia anapanda juu ya mzani akiwa na chupi peke yake. Akizidi hata gramu chache, hapigani. Kwa hiyo wanajikausha. Siku za mwisho wanaacha chumvi, wanaacha chakula, wanaacha hata maji, wanakimbia wamevaa plastiki. Wakishapima wanakunywa na kula upesi upesi, ili nguvu zirudi kabla ya kengele. Wote wanafanya hivyo. Hata yule wa Bukavu alikuwa amefanya hivyo.

Mwezi ule nyumba yetu iligeuka. Maisha yangu yote nimehesabu sahani za watoto wawili kabla ya yangu, na sasa mmoja alikaa mbele ya sahani akaisukuma kwa mdogo wake. Mdogo wetu wa kike alinenepa. Alikuwa anajipiga tumbo na kusema, "Kilo zake zote ziko huku. Banipime miye, nipigane."

"Utazirudisha," kaka yake alimjibu. "Siku nikipata kazi, utazirudisha na faida yake."

Alikimbia kwenye tuta za mashamba ya mpunga amevaa koti la mvua wakati jua la Bugarama linapasua mawe. Alitafuna jojo na kutema mate kwenye kopo. Siku za mwisho alikuja uwanjani kwangu, akajifunika turubai, akalala kati ya mistari ya mpunga ajianike. Mimi niligeuza mpunga pande zake zote mbili. Wanawake wenzangu walimcheka: Huyu mukimukoboa atatoka kilo ngapi? Naye kutoka ndani ya turubai alisema kwa sauti kavu, "Yaya, usinisahau. Nigeuze na miye, upande huu umeisha kukauka."

"Wewe si muchele."

"Miye ni muchele wa bei."

Nilicheka. Nilimgeuza kweli, kwa mguu.

Lazima nieleze mzani wa mashine yetu, kwa sababu kila kitu kiligeukia hapo. Ni mzani wa zamani, wa chuma, una jukwaa chini na mkono mrefu juu wenye jiwe dogo linalosogezwa. Magunia yetu ni ya katani, mazito, gunia tupu linakaribia kilo. Miaka ya nyuma wakulima walikuwa wanagombana na mashine juu ya uzito wa gunia, mpaka mzee wa mzani akamaliza maneno. Alichukua gunia moja tupu, akaliweka juu ya jukwaa, akausawazisha mzani usome sifuri ukiwa na gunia hilo. Mkulima akija, gunia hilo linatolewa, lake lenye mpunga linawekwa, na kinachosomeka ni mpunga mtupu. Wakiletwa mbuzi, au mtoto wa kupimwa, au kitu chochote kisicho na gunia, lile la mzani linaachwa chini yake. Basi. Kila mtu wa mashine anajua. Hatufundishani, ni kama kujua mlango unafungukia upande gani. Lakini mdogo wangu hakuwa mtu wa mashine. Alikuwa mtu wa barabara.

Mzee wa mzani ni Msabato, na Jumamosi mashine hulala. Mashindano yalikuwa Jumapili. Jumamosi jioni mzee alinipa ufunguo, nikaenda na wadogo zangu wote wawili ili yule wa ngumi ajue amefika wapi. Aliingia peke yake. Mimi na mdogo wetu tulisimama mlangoni, migongo kwake, kwa sababu alikuwa anavua nguo zote, na sisi ni dada zake. Nilikuwa naangalia barabara. Nilisikia mkanda ukianguka sakafuni, kisha kitu kingine laini, kizito kidogo, puu. Nilidhani ni suruali.

Jiwe la mzani likasogezwa, tik, tik. Kisha akapiga kelele mpaka njiwa wakaruka darini: "Hamsini na sita na mia tisa! Yaya! Mia tisa!"

Mdogo wetu alipiga vigelegele katika mashine ile tupu. Niliruka naye, mimi na umri wangu.

Kocha alikuwa amemwambia kwamba usingizi peke yake unapunguza mwili karibu nusu kilo, na kwamba akiwa chini ya kiwango jioni, anaweza kunywa kikombe kimoja kidogo. Tulipofika nyumbani aliomba maji. Kwetu anayekupa kinywaji huonja kwanza mbele yako, ndipo anakukabidhi. Nilionja. Akaninyang'anya kikombe. "Wee yaya, onja, usimalize. Hiyo ni ushindi wangu." Alikunywa taratibu, akiyashika maji mdomoni kabla ya kuyameza, na baadaye akalamba ukingo wa kikombe. Nimempikia mtoto yule miaka mingi, na sijawahi kumwona akifurahia kitu kutoka mkononi mwangu kama maji yale.

Jumapili tulipanda gari la kwanza la Kamembe. Wanawake hawakuruhusiwa kwenye chumba cha kupimia, kwa hiyo tulikaa kwenye viti karibu na mlango, sisi wawili, na pembeni yetu yule mama wa Bukavu na kikapu chake. Tulisalimiana. Aliniambia mwanawe amemwomba miaka aje kumtazama na yeye amekataa miaka yote, kwa sababu hakumzaa ili watu wampige. "Leo nimekuya," alisema. "Alisema, Maman, mara moja tu, ukae mbele nikuone." Na kweli alikuwa amechukua kiti cha mbele kabisa, ameweka leso juu yake mtu asikikalie.

Mwanawe alipima kwanza. Alitoka anacheka, akakaa chini karibu na mama yake, akaanza kunywa uji. Kisha nikasikia sauti ya mwamuzi kule ndani: "Hamsini na saba, mia saba." Na tena, taratibu, kama anayemsomea mtu asiyesikia: "Hamsini na saba. Mia saba."

Kocha alitoka. "Dada, kwani jana mulimupima wapi?"

"Kwenye mzani wa mashine."

Mdogo wangu alitoka nyuma yake amejifunga taulo. Sikumwuliza kuhusu maji, wala kuhusu usingizi. Sijui kwa nini swali lile lilikuja kwanza. "Gunia la kwenye mzani, uliliacha?"

"Gunia gani?"

"Lililokuwa juu ya jukwaa."

"Lile lichafu? Nililitupa chini." Akamwangalia kocha. "Si ulisema hakuna kitu juu ya balansi? Ulisema hata soksi."

Kocha alikuwa amesema hivyo, na ndiyo sheria ya ngumi. Mdogo wangu aliitii mpaka kwenye mzani wa mpunga. Nikajua kilichoanguka jioni ile na kusema puu. Bila gunia lile, mzani ulikuwa umemsomea pungufu karibu kilo nzima.

Sheria ilimruhusu kurudi kupima tena mpaka meza ya kupimia ifungwe. Akavaa koti la mvua, akaanza kupanda na kushuka ngazi za jukwaa la watazamaji. Kocha alipiga makofi kumpa mwendo. Kijana wa Bukavu aliacha uji wake, akachukua kamba, akawa anaruka chini ya ngazi ili mwenzake asihangaike peke yake. "Grand, kuya!" alimwita, yaani kaka, njoo. "Sitaki balansi ikupige. Nataka nikupige miye!"

Mdogo wangu alicheka. Aliweza bado kucheka.

Aliporudi mzanini alikuwa na hamsini na saba na mia nne. Nilimshika shingo alipopita. Ilikuwa ya moto na haikuwa na hata tone. Nilimwambia kocha, "Hatoki tena jasho."

"Litatoka."

"Halipo."

"Dada, tumebakiza gramu mia nne. Kazi iko pale, unaiona."

Nilimwambia mdogo wangu aache. Nilimwambia kwa sauti ya nyumbani, ile niliyokuwa naitumia alipokuwa mdogo. Alinitazama kama mtu anayekutazama kutoka ng'ambo ya maji. "Yaya, bado kidogo," akasema, na akarudi kwenye ngazi.

Kocha akaomba wembe, wamnyoe nywele, kwa sababu nywele nazo zina uzito. Yule mama wa Bukavu alisimama. Kwao, kama kwetu, kichwa hunyolewa nyumbani kukiwa na msiba. "Weye kocha! Munamunyowa mutoto wa benyewe kama kuko kilio? Weka chini hiyo wembe!"

"Maman, nywele ni gramu."

"Gramu! Na kichwa chake ni gramu ngapi?"

Watu walicheka, na walipokuwa wanacheka wembe ukaanza kazi. Mdogo wetu wa kike alipiga magoti akazikusanya nywele kwenye leso yake, zisikanyagwe na wageni. Alipomaliza kunyolewa, kichwa cha mdogo wangu kilionekana kidogo. Kilikuwa kichwa cha siku tuliyomzika mama, tuliponyoa wote.

Mlango wa chumba cha kupimia uliachwa wazi safari hii, hakuna aliyekumbuka kuufunga. Aliweka mguu mmoja juu ya mzani. Namba zikaanza kupanda. Mguu wa pili haukuja. Alianguka upande, bila kujishika, na mzani ukarudi sifuri.

Aliyefika kwanza hakuwa mimi wala kocha. Ni yule wa Bukavu. Alimtupa mgongoni kama mama anavyobeba mtoto, akatoka naye nje akipiga kelele aitiwe pikipiki. Dereva mbele, mdogo wangu katikati, yeye nyuma akimshika asianguke. Mimi na kocha tulifuata kwa pikipiki ya pili. Mdogo wetu alibaki na yule mama.

Hospitalini mdogo wangu alikuwa anatupa mikono na miguu, hajijui, na muuguzi hakuweza kumpata mshipa. Kijana wa Bukavu alimlalia kifuani kumtuliza. Muuguzi alilalamika kwamba mishipa imejificha, mtu huyu hana maji. Baada ya muda nikakumbuka kwamba yule kijana naye alikuja kupigana. Nikamwambia, "Nenda, watakuita. Mama yako anakungoja."

"Nikimwacha atatoa sindano."

"Nitamushika miye."

"Weye hauna nguvu, yaya. Nashika tu mpaka atulie."

Hakutulia upesi. Yaliyotokea ukumbini alinisimulia mdogo wetu. Kwa kuwa kaka yake hakupita kwenye mzani, kijana wa Bukavu alipewa ushindi bila kupigana, akapangiwa mwingine wa kilo zile zile. Sheria ya pale ni kuitwa mara tatu, asiyetokea ameshindwa. Walimwita. Mama yake alisimama kwenye kiti cha mbele akasema, "Anakuya! Alipeleka mugonjwa, anakuya!" Walimwita tena, na yule mama akageuka kuangalia mlango, akabaki amegeuka. Mara ya tatu mdogo wetu alikuwa amemshika mkono. Mwamuzi alinyanyua mkono wa mtu mwingine, na yule mama akaketi, akakunja leso yake, akasema, "Basi nimeona ngumi."

Alikuja hospitalini na kikapu chake. Chakula cha mwanawe kilikuwa bado cha moto kidogo. Alinifunulia sahani, ugali na samaki. "Kula, yaya. Weye hukukausha kilo."

Mdogo wangu alirudiwa na akili kesho yake. Yule kijana alikuwa amevuka mpaka tena kuja kumwona. Swali la kwanza la mdogo wangu lilikuwa, "Nani alishinda?"

"Hakuna mwenye alishinda," yule akamwambia. "Weye uko na deni yangu. Raundi tatu."

"Nitalipa."

"Haina haraka. Lakini utalipa."

Wakagonganisha ngumi, taratibu, kwa sababu ya sindano.

Daktari alieleza kwa Kinyarwanda chepesi, tukaelewa wote. Mwili uliokauka namna ile, ukakimbizwa tena bila jasho, misuli yake inavunjika ndani, na uchafu wake unaziba mafigo. Kumbe haikuwa mara yake ya kwanza kujikausha. Mafigo yalikuwa yamechoka kabla ya siku ile. Nilipomsikiliza niliona mpunga wa pupa, jinsi unavyong'aa kwa nje. Tulitumaini yatapona. Yalipona nusu. Kampuni ilichukua mtu mwingine, na kocha alikuja mara chache, kisha akaacha kuja. Sina neno naye. Naye alitaka mtu wake apate kazi.

Sasa mdogo wangu hanywi anavyotaka. Mafigo hayatoi tena maji inavyopaswa, kwa hiyo daktari amempimia kiasi cha kutwa, na mimi ndiye nayagawa, kikombe kile kile. Chumvi haingii nyumbani. Kila asubuhi lazima apimwe uzito: akiongezeka kilo moja ghafla, si nyama, ni maji yamebaki mwilini, na tunapanda hospitali. Hatuna mzani nyumbani. Tunakwenda mashine.

Mzee wa mzani amelifunga lile gunia kwenye jukwaa kwa waya. Wakulima walinung'unika, kwa sababu sasa inabidi atoe uzito wa gunia lao kwa kichwa kila wanapopima, na ugomvi aliokuwa ameumaliza umerudi. Hasikii. Anasema siku ile alikuwepo ukumbini, amelala pale chini ya miguu ya mtoto kama gunia, na hakuna aliyemwona. Mdogo wangu akipanda mzani asubuhi, mzee huinama kwanza akagusa gunia kwa mkono, ndipo asogeze jiwe. Sijawahi kumwona akisahau. Alimpatia mdogo wangu kazi ya kukaa: anashona midomo ya magunia kwa sindano ndefu, kivulini. Mabega yale ya baiskeli yamekwisha. Asubuhi uso wake umevimba, na mtu asiyemjua humsifu kwamba amenenepa.

Yule wa Bukavu na mama yake huja Bugarama kununua mchele wa kwenda kuuza kwao. Kila wakija anasimama mlangoni kabla hata ya kusalimia, anakunja ngumi. "Iko wapi deni yangu?"

"Iko," mdogo wangu anamjibu bila kuacha kushona.

"Mimi sasa niko kilo sitini na saba. Utanikuta?"

"Hata miye nimepanda. Lakini zangu ni maji."

Wanacheka, na mimi nageuza mpunga.

Kuna wakati nilijaribu kulipa mimi. Mkubwa wa nyumba ndiye anayelipa, hivyo ndivyo nilivyoishi. Nilichagua mpunga nilioukausha mwenyewe, polepole, nikiupumzisha kivulini, ukakobolewa ukatoka mzima, punje ndefu, bila chenga. Nyumbani kwetu hatujawahi kula mchele kama ule. Nilimpelekea yule kijana gunia zima. Alilitazama, akalirudisha mlangoni kwangu. "Hapana, yaya. Deni ya ngumi hailipwi na muchele."

Safari yao ya mwisho, kiangazi hiki, mdogo wangu alikuwa na siku mbaya. Hakuweza kushika sindano. Yule kijana alifika, akakunja ngumi mlangoni kama kawaida, akamwona, akazishusha. Mdogo wangu akamwambia, "Zipandishe." Akasimama kutoka kwenye gunia, akanyoosha mkono wa kushoto, ngumi yake ikagusa ya mwenzake, mara moja, mara mbili. Akaketi. Alikuwa anahema kama aliyepanda ngazi zile.

"Hiyo haihesabike," akasema. "Kengele haijalia."

"Haihesabike," yule akakubali.

Mama yake alinivuta pembeni, nyuma ya mashine. Alikuwa analia. Aliniambia atamkataza mwanawe kudai, kwamba ni utani unaomuumiza mgonjwa, kwamba wao wamesamehe zamani, tangu siku ile ile, na niende nimwambie mdogo wangu kwamba hana deni la mtu.

Nilimwomba asifanye hivyo. Sikujua nimweleze vipi. Usiku mmoja hospitalini, tulipodhani hatutarudi naye, mdogo wangu alinishika mkono akasema, "Yaya, akitaka kunisamehe, ukatae." Ni kitu kimoja tu alichonikabidhi. Maana katika watu wote wanaokuja kumtazama, wanaoleta sukari na maombi, ni mmoja tu anayeingia pale mlangoni akimwona bondia.

"Basi aendelee kudai, Maman," nilimwambia. "Deni lipo."

Walipakia magunia yao, wakaondoka na gari la Kamembe. Mdogo wangu aliomba maji. Nilionja kwanza, nikampa, na nikangoja anirudishie kikombe. Raundi tatu, zote tatu, bado tunadaiwa.